Ukaa Hukaa

Mwalimu Lugalia alimimina maji ya chokaa
katika bilauri iliyomeguka ukingo,
akamwita Apondi mbele, akampa mrija wa soda.
"Puliza. Usinywe, wewe, puliza!"
Maji yakachafuka polepole, yakawa meupe.
"Kama maziwa ya Nyayo," akasema, akacheka peke yake;
sisi tulikuwa hatujazaliwa
pakiti zile za pembe tatu zilipogawanywa shuleni.
Kisha akaandika ubaoni: NYAYO ZA KABONI.

Kidato cha Tatu, Manyatta, saa nane mchana,
mabati yakilia kwa joto,
tukafundishwa kupima kisichoshikika.
Gramu kumi na mbili za kaboni, zikiungua zikaisha,
hutoa gesi gramu arobaini na nne.
Odhialo akanyosha mkono:
"Mwalimu, mtoto wa leo anamzidije mama uzito?"
"Zilizozidi zimetoka hewani.
Moto hauli peke yake, Odhialo. Moto hualika."

Halafu akatuambia tulisikilize jina:
hewa ya ukaa.
Mti ukiuchoma, ukaa wake hauendi popote.
Hukaa.
Hukaa juu yetu kuliko umri wa nyanya zetu.

Kazi ya nyumbani: kila mtu ahesabu nyayo za kwao.
Nikainama, nikafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.
Mama yangu huuza makaa Kibuye.

Jioni nikaketi juu ya gunia, daftari magotini.
Kilo arobaini. Toa jivu, toa unyevu, toa mawe
(mawe yamo, Mama hakatai:
"Aliyeniuzia naye alitia").
Kaboni, tuseme, thelathini.
Zidisha kwa arobaini na nne, gawanya kwa kumi na mbili.
Mia moja na kumi.
Nikafuta, nikarudia. Mia moja na kumi.
Nikamwambia: Mama, gunia hili likishaungua
litakuwa zito karibu mara tatu, huko juu.
Akasita, gorogoro mkononi.
"Kumbe nimejipunja miaka yote,
nikiuza makaa badala ya moshi!"

Magunia manne kwa wiki. Lakini nimwandikie nani?
Mchomaji ambaye hatujawahi kumwona uso?
Lori lililopanda milima likikohoa?
Hoteli ya jirani, sufuria zake za maharagwe
zinazotokota tangu alfajiri?
Au Mama, aliyeshika pesa, akanawa mikono?
Sisi hutumia gorogoro moja kwa siku.
Hatuna friji. Tuna taa moja
na redio inayozungumza inapotaka.
Odhialo, ambaye kwao kuna magari mawili na jenereta,
aliandika: *kidogo.*

Mwalimu alilitazama daftari langu muda mrefu.
Akageuka aandike kitu ubaoni, chaki ikavunjika.
"Hata hii ina kaboni ndani," akasema,
akaviokota vipande, akavitia mfukoni.
Kwenye hesabu yangu hakuweka tiki wala kosa,
aliweka alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu.

Usiku Mama akivua ndara
saruji hubaki na nyayo zake,
nyeusi, vidole vyote vitano,
kutoka mlangoni hadi kwenye karai.
Mimi ndiye huzipiga deki.
Zile sikuziandika.

Ijumaa niliomba maji ya chokaa, nikayaleta nyumbani kwa chupa ya dawa.
Mama akapuliza kwa pumzi ile ile
anayowashia jiko, mashavu yamejaa.
Yakawa meupe.
Nikamweleza kwamba chakula huungua ndani yetu,
polepole, bila mwali.
Akaiinua chupa mbele ya taa.
"Kumbe nami ninawaka," akasema.

Kisha akauliza kama shuleni yapo mengine,
ya kutosha kupaka ukuta wa mbele.